Sarafu ya Faru kutoka Matambarale

Hiki ninachokuandikia sikukisikia kwa mtu. Kilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, sijanywa kitu wala sina homa. Ukitaka kunibishia, nibishie ukishafika mwisho.

Mimi ni fundi wa sola. Ninaishi Nachingwea mjini na mzee wangu, mwalimu mstaafu, ambaye maisha yake yote alikusanya sarafu za fedha za kumbukumbu. Sizungumzii hizi za kununulia kiberiti. Ni zile zinazotengenezwa chache, kwa fedha halisi, kuadhimisha jambo fulani, na wengi wetu hatuzioni mpaka tunakufa. Mzee alizipata mojamoja, kwa kubadilishana na kubembeleza, akazipanga kwenye sanduku la mbao. Ilikosekana moja tu, yenye picha ya faru. Tangu niko shule ya msingi namsikia akiiulizia kwa kila mgeni.

"Mwanangu," aliniambia mwaka jana, "sitaki utajiri wa hiyo sarafu. Nataka niione kwa macho yangu, basi."

Mwezi wa sita rafiki yangu mmoja, mnunuzi wa ufuta, akanipa habari. Kuna mama Matambarale, upande wa Ruangwa, ana hela ya fedha yenye faru, huifunga kwenye pindo la kitenge. Mimi hupenda kuuliza kila jambo, lini, wapi, nani. Siku hiyo kwa furaha sikuuliza aliiona lini. Nilijaza mafuta pikipiki nikaondoka.

Nilifika jua likiwa utosini. Watu walishatoka mashambani. Pembeni ya njia nikamwona mama mmoja mtu mzima, peke yake, anapura ufuta juu ya turubai. Fimbo ilipanda na kushuka, lakini sikusikia mlio wake. Nilidhani ni masikio yangu, kwa ule mngurumo wa safari nzima. Nawe si ungedhani hivyo?

"Hodi shambani!" nikamwita.

"Hodi ya nini? Shamba lina mlango?" Akanitazama kuanzia viatu. "Wewe Mmwera wewe."

"Mmwera wa Nachingwea, mama. Wewe je?"

"Mngoni. Nililetwa huku na ndoa. Babu zako walipowaona babu zangu walikimbia, ugali wakauacha jikoni."

"Mkaula," nikamjibu, "na chungu hamjarudisha mpaka leo."

Alicheka akashika kiuno. Msomaji wa kwetu anajua mambo ya utani. Mngoni na Mmwera wakikutana, hakuna kununa. Mtani hunyakua kitu chako ukabaki unacheka. Hata msibani ndiye huja kuwachekesha wafiwa, akakamata kuku wa marehemu, akaondoka naye. Kwa hiyo nilijiona nimefika kwa ndugu.

"Watani mmeadimika," akasema. "Nimewasubiri mpaka nimechoka."

Nikamweleza shida yangu. Hakushangaa. Alifungua pindo la kitenge, akatandaza kiganja, na pale palikuwa na faru. Ilikuwa yenyewe, ina udongo mwekundu kwenye mikunjo ya herufi.

"Niambie unataka nini, mama."

"Mtani haombi wala hanunui. Nyakua."

Nikanyakua. Niamini, katika jua lile, kutoka kwenye nguo ya mtu anayefanya kazi, ilikuwa ya baridi kama kitu kilichotolewa mtungini.

"Na mimi nikija kwenu," akauliza, "nitanyakua nini?"

"Kwetu hakuna kitu, mama. Labda macho ya mzee wangu, maana yamechoka kuisubiri hii."

"Basi nitachukua hayo."

Nikacheka. Sote tulicheka. Kwetu ukimtania mtu akakujibu, ukacheka, maneno yamekubaliwa. Nilikuwa ninalijua hilo kama ninavyolijua jina langu, na bado nilicheka.

Mbele kidogo nilisimama dukani kunywa soda. Mwenye duka, mwanamume wa makamo, akaniuliza ninatoka kwa nani.

"Kwa yule mama Mngoni anayepura ufuta pale njiani."

Akaacha kuhesabu biskuti. "Mngoni yupi?"

Nikamwonyesha sarafu. Hakuigusa. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga shelfu.

"Kaka, huyo ni Mama Generoza. Tulimzika kabla ya mvua. Marehemu mumewe alikuwa askari wa wanyamapori, hiyo hela alizawadiwa yeye. Mama alituagiza tumzike nayo. Niliifunga kwenye kitenge kwa mikono yangu hii."

"Lakini nimemkuta anapura ufuta."

"Ufuta gani? Shamba lile halikulimwa msimu huu." Akaangalia njia niliyotokea. "Msiba wake ulikuwa wa kimya, kaka. Watani walipelekewa habari, hakufika hata mmoja. Tulizika kama watu wanaoficha kitu. Irudishe. Iweke kaburini, uondoke bila kugeuka."

Nilirudi. Palikuwa na majani yaliyonifika kiunoni. Hakukuwa na turubai, wala fimbo, wala punje moja ya ufuta. Kaburi nililiona nyuma ya mkorosho, udongo wake umeshikana na kuota nyasi, haukuwa umeguswa na jembe wala mnyama. Nilisimama pale na sarafu mkononi. Ningeinama tu, ningeiacha, na leo nisingekuwa na cha kukuandikia. Badala yake nilimfikiria mzee. Nikasema moyoni, aione kwanza, kesho nitairudisha. Nikaitia mfukoni.

Nilifika nyumbani jua bado liko ukutani. Mzee alikuwa ameamka kwenye usingizi wa mchana, amekaa kitandani.

"Baba, nimeipata!"

"Faru?" Sauti yake ilipanda kama ya mtoto. "Lete! Lakini mbona mnakaa gizani? Fungueni madirisha basi."

Madirisha yote yalikuwa wazi.

Daktari alisema ni presha ya macho, kwamba ugonjwa huo hunyemelea, mtu hajui mpaka umeshamaliza kazi. Nayaandika maneno yake kwa sababu ni haki yake, na huenda ni ya kweli. Naandika pia kwamba asubuhi ile, kabla sijaondoka, mzee alinisomea gazeti zima barazani bila miwani.

Tangu hapo sarafu haitoki mkononi mwake. Analala nayo. Anapitisha kidole gumba kwenye pembe ya faru, ananiuliza anatazama upande gani, mguu upi uko mbele. Wageni anawaambia, "Mwanangu huyu ndiye aliyenitafutia." Ananiombea dua mbele ya watu. Anajua kwamba niliipata Matambarale kwa mama mmoja Mngoni. Asichokijua ni bei.

Nimefikiri kuirudisha. Pengine ikirudi, na macho yake yatarudi, nani ajuaye? Lakini nifanyeje? Nimwibie kipofu furaha yake, au nimweleze nilichokitoa shambani kwa kicheko? Siku zinapita, na mimi nimekaa kimya.

Kwa hiyo wewe unayepita njia zetu, ukikutana na mtani usiyemjua, mwulize kwanza ukoo wake na nyumba yake, usubiri jibu. Asipojibu, msalimie kwa adabu ushike njia yako. Na kama ulimi umekushinda, ukatania, basi taja kilicho chako. Mimi nilikuwa na pikipiki. Nilikuwa na simu. Nilikuwa na macho yangu mwenyewe.