Nilisema Chale

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na maradhi yangu ni kusahihisha watu. Nasahihisha mabango ya maduka, hotuba za harusini, hata ujumbe wa rambirambi. Mama alikuwa akinitania kwamba hata Izraili akija kunichukua nitamwambia kwanza atamke vizuri.

Siku ile, hospitalini Dar es Salaam, nilimsahihisha daktari.

Mama alikuwa akipata choo chenye damu, nami nikamtoa kwake Mlingotini nikampeleka kupimwa kwa kamera. Daktari alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akavuta kiti karibu. Akasema kuna uvimbe kwenye utumbo mpana, bado mdogo, na ukiwahiwa unatolewa na mtu anapona. Hawatampasua tumbo zima, watapitisha vifaa kwenye matundu madogo. Shida ni kwamba mkono hauingii kupapasa, na utumbo ukiutazama kwa nje ni uleule mwanzo mpaka mwisho. Kwa hiyo wangerudisha kamera kwanza, wadunge tone la wino mweusi pale pale penye uvimbe.

"Tunaita tatuu, mama," akasema.

"Chale," nikadakia. "Kwa Kiswahili tatuu ni chale."

Daktari akacheka. "Haya mwalimu, chale."

Nikajiona nimesema la maana. Mama hakucheka. Alivuta mtandio wake akaufunika kifua vizuri, ingawa kilikuwa kimefunikwa tayari. Pale kifuani alikuwa na chale tatu, alizochanjwa na mganga akiwa mchanga, zikasuguliwa dawa nyeusi. Maisha yake yote alizifunika, hata mbele yetu sisi wanawe. Tulipofika Bunju, njiani kurudi, ndipo aliposema.

"Hizi nilichanjwa sina akili. Hiyo ya uzeeni, siku nikiulizwa na Mola, nitajibu nini?"

Nilimwambia hayo ni matibabu, si uganga. Akaniitikia "sawa mwanangu," na tarehe ya hospitali ilipofika akasema ana wageni. Ya pili ikafika, akasema goti linamuuma. Nilifoka. Nilimwita mkaidi, neno ambalo mtoto hamwiti mamaye, na nikarudi kwangu Bagamoyo bila kumuaga. Nikampelekea ustadhi, naye akamweleza kwamba dini haikatazi tiba, lakini masikini alilitumia neno langu lilelile, chale. Mama akamshukuru, akampa na kuku. Hospitali hakwenda. Miezi saba ikapita hivyo, naye akipungua, kanga inamzunguka mara mbili.

Kisha Jumamosi moja nilimkuta barazani anasuka ukili, ule utepe mrefu wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka. Alikuwa ameukunja duara kubwa, na mahali fulani umefungwa kiuzi chekundu. Nikamuuliza cha nini.

"Hapo mwaa umekatika ndani," akasema. "Nisipopatia alama, siku ya kushona nitapajuaje? Ukili wote huu! Nitakuja kukata pazima."

Nilikaa chini. Nikamwambia, "Mama, ndicho wanachotaka kufanya. Utumbo ni mrefu kama huo ukili. Wanaogopa kukata pazima."

Akaacha kusuka. "Hawanichanji kwa wembe?"

"Hapana. Ni tone la wino, huko huko ndani."

"Alama tu?"

"Alama tu, mama."

Alinitazama. Hakuwa na hasira, na ingekuwa nafuu kwangu kama angekuwa nayo. "Sasa mwanangu, mbona hukusema alama?"

Wiki iliyofuata alikwenda mwenyewe, kavaa baibui lake jipya. Wakamtia wino, na baada ya siku chache akaingia chumba cha upasuaji. Nilijua mambo si mazuri kwa sababu daktari alitoka mapema mno. Alisema wino waliuona mara moja, umekaa mahali pake sawasawa. Lakini uvimbe ulikuwa umetoka pale, umetawanyika tumboni mpaka kwenye ini, na huko hakukuwa na haja ya alama. Walifunga matundu bila kukata kitu.

Aliishi mpaka mwezi wa Rajabu.

Nilikuwamo katika kumwosha. Mwoshaji, mwanamke wa makamo wa pale pale Mlingotini, alipitisha maji kifuani taratibu, juu ya zile chale tatu. Alipofika tumboni akagusa makovu madogo, akanitazama.

"Ya hospitali," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea. Wino wenyewe haukuonekana popote. Mama alikwenda nao ndani, na sidhani kama ataulizwa juu yake. Atakayeulizwa ni mimi, kwa nini sikusema alama.