Bastola ya Mzee Nyagaya na Wajerumani Saba

Pale Suna, Migori, ukiwa na cherehani inayoruka nyuzi au kufuli iliyomeza ufunguo, utaelekezwa kwa Mirumbe. Cherehani ataipokea bila maneno. Lakini ukikosea ukataja bunduki, basi vuta kiti, maana hutoki pale leo kabla ya saa kumi.

Mirumbe alikuwa fundi wa silaha jeshini kwa miaka ishirini na sita, akaingia koplo na kutoka koplo. Siku moja aliletewa bunduki arobaini atie sahihi kwamba zote ni nzima, naye akatia thelathini na moja. Mkubwa wake alimwambia kwamba wino haugharimu kitu. Mirumbe akajibu kwamba kidole cha askari kinagharimu, na kuanzia siku hiyo vyeo vikawa vinampita vikielekea kwa wenzake. Mkewe, Mellen, husema bila kinyongo kwamba ukweli wa mumewe umewajengea nyumba ya vyumba viwili, na uongo wa wenzake umewajengea wao ghorofa.

Katika miaka yote hiyo alifungua kila aina ya silaha isipokuwa moja, bastola ya Webley. Maafisa wa Kiingereza waliifunga kiunoni katika vita vyote viwili vikuu, na mwalimu wake wa kwanza aliisifu mpaka mate yakamtoka. Mirumbe aliijua kama mtu anavyomjua shemeji aliyeko ng'ambo, kwa sifa tu.

Kwa hiyo Koplo Joyline wa polisi alipopiga simu kutoka Ndhiwa, upande wa Homa Bay, Mirumbe alisimama kuipokea habari.

"Mzee, kuna mama amesalimisha bastola ya zamani," Joyline alisema. "Imeandikwa Webley. Nataka mtu aipime, aniandikie kama ni nzima ama imekufa. Ikiwa nzima inaenda kuyeyushwa. Ikiwa imekufa, nitaona vile watarudishiwa."

Kesho yake Mirumbe alivaa tai. Mellen alimtazama kutoka juu hadi chini, akamkumbusha kwamba siku ya harusi yao alikuja bila tai.

Alitarajia meza, kiti na utulivu. Alichokikuta kwenye uwanja wa chifu ni mahema mawili, vipaza sauti vinne na bango refu kama shuka: CLIFFORD, MJUKUU WA RISASI SABA. Clifford, muuza mabati na saruji, alikuwa anatafuta kiti cha wadi. Aliposikia kwamba bastola ya babu yake itapimwa, alikodisha viti mia mbili. Wafuasi wake walikwisha kumwita mheshimiwa ingawa uchaguzi ulikuwa bado mbali.

"Mzee wangu, karibu, karibu," Clifford alisema, kisha akageuka kando akakohoa kwa muda mrefu. "Utakula kwanza?"

"Nitakura baadaye," alijibu Mirumbe, ambaye ni Mkuria, na ulimi wake hauna urafiki na herufi l.

Clifford alishika kipaza sauti papo hapo akatangaza kwamba mgeni kutoka Migori ameahidi kura. Watu wakapiga makofi. Mirumbe akaona hana nguvu za kusahihisha.

Kisha Clifford akasimulia. Babu yake, Mzee Nyagaya, alikuwa Keya, yaani askari wa jeshi la Mwingereza wakati wa vita vya Mjerumani. Kwa bastola hii, na kwa risasi saba tu, alimaliza Wajerumani saba. Leo ingenguruma tena. Kila sentensi ya tatu ilikatwa na kikohozi, na vipaza sauti vinne vilikisambaza hadi sokoni.

Mama yake Clifford, Zilpah, mjane wa miaka sabini na minne, ndiye aliyeisalimisha bastola, alimvuta Mirumbe nyuma ya hema.

"Fundi, mimi sitaki hiyo kitu ilie," alisema. "Nataka uniambie moja tu. Iliua watu?"

Akamweleza. Kwao, mtu aliyeuawa anaweza kurudi kuisumbua nyumba ya aliyemuua, na hapo anaitwa chien. Tangu Zilpah aolewe katika boma lile, hapakuwa na baya lisilohesabiwa kwa wale saba. Ng'ombe akitumbukia kisimani, Mjerumani. Clifford alipoanguka mtihani wa darasa la nane, Mjerumani, na alipourudia akaanguka tena, Wajerumani wawili. Kicheko kilimtoka Mirumbe, lakini mama hakuwa anacheka.

"Bwana yangu aliugua kifua," alisema. "Akakataa hospitali. Alisema huyo ni wa saba amekuja, na dawa ya mzungu haiwezi kufukuza mzungu. Tulimzika. Sasa huyu mtoto anakohoa tangu Disemba, anakonda, na anasema maneno yale yale. Kwa watu anajisifu, lakini nyumbani anaogopa. Hospitali hataki kusikia."

Mirumbe alirudi mezani akiwa hana hamu ya kucheka.

Joyline alimkabidhi bastola. Ilikuwa nzito kama pasi ya makaa. Mirumbe alisukuma kikomeo kwa kidole gumba, nayo ikakunjika katikati kama muwa unaovunjwa gotini, sawasawa na alivyoelezwa na mwalimu wake miaka hamsini iliyopita. Ubavuni ilichongwa mwaka 1916. Alijisikia kulia, na hakuona haya.

Joyline alimsogezea kipaza sauti. "Matundu ya risasi ni sita," Mirumbe alisema.

Kila mtu alisoma bango upya.

"Aliongeza moja," Clifford alisema.

"Vitani? Na huyo Mjerumani wa saba amesimama pale anangoja?"

Vicheko vilianzia nyuma. Clifford akadai bastola ilipuliwe, maneno yaishe. Watu wa mbele wakaziba masikio, na mama mmoja akalala kifudifudi kabisa. Mirumbe alitoa mfukoni penseli.

Ni mtihani wa mafundi. Bastola ikiwa tupu, mtutu ukiangalia juu, unadumbukiza penseli ndani ikitanguliza upande wa raba. Ukifyatua, ncha ya nyundo iliyo nyuma ya bastola hupita kwenye tundu lake na kuipiga ile raba. Ikiwa nzima, penseli inaruka. Mirumbe alifyatua, nyundo ikalia ka! Penseli haikutingishika. Akafyatua tena, na mara ya tatu. Aliyelala kifudifudi akaamka akajipangusa, amekasirika kama mtu aliyedanganywa.

Mirumbe akavaa miwani ya kazi, akaona springi imelegea kwa uzee, kisha akaitazama ncha ya nyundo. Ilikuwa ya manjano. Ile ya chuma ilivunjika zamani, na mtu fulani, kwa tupa na subira, alichonga nyingine ya shaba akaipachika pale kwa ustadi ambao Mirumbe mwenyewe aliuonea wivu. Ila shaba ni laini. Risasi moja tu ingeibonyeza, na hii ilikuwa bado mviringo. Akageuza mpini. Kitako chake kilikuwa kimepondeka, bila shaka kwa sababu afisa mmoja aliigeuza bastola kuwa nyundo ya kupigilia vigingi vya hema. Mirumbe alimchukia afisa huyo hapo hapo.

"Mzee Nyagaya mwenyewe alisemaje?" aliuliza. "Nataka maneno yake, sio ya bango."

Aliyesimama ni Zilpah. Nyagaya alikuwa baba mkwe wake, na mke wa mtoto hamhoji baba mkwe, hivyo hakuwahi kuuliza kitu. Lakini alipoleta maji alisikia kutoka mlangoni, zaidi ya mara moja, naye mzee alipenda kulisema neno lake kwa Kiswahili chake cha jeshini.

"Alikuwa anasema, 'Hii kitu bwana mkubwa alinipa. Imesumbua mimi mwezi mzima, lakini nilimaliza na saba.'"

Mirumbe aliinamia mkoba wake akatoa kufuli kuukuu ya manjano.

"Mama, hii imetengenezwa na nini?"

"Hiyo ni ya saba," Zilpah alisema.

Mirumbe akanyoosha vidole, vitano mkono mmoja na viwili mwingine. "Na hivi ni vingapi?"

"Saba."

Kisha uwanja mzima wa Wajaluo, ambao tangu wazaliwe hawajaona haja ya kuisumbua herufi h katika neno shaba, ukaelewa kwa pamoja. Watu walicheka mpaka nguzo ya hema ikaegemea. Joyline alijifunika uso kwa kofia ya serikali.

"Alipewa kitu kibovu," Mirumbe alisema kelele zilipopungua. "Kikamsumbua mwezi mzima, akakimaliza kwa shaba. Mikononi mwake haijapiga risasi hata moja. Hakuua mtu na hii. Alikuwa fundi, na mimi nasema alikuwa fundi kunishinda." Akaketi aandike ripoti.

Zilpah alibaki amesimama. Midomo yake ilikuwa inahesabu kitu polepole, labda ng'ombe, labda mitihani, mpaka ikafika kwa mumewe ikasimama.

"Kwa hivyo kilikuwa kifua tu," alisema.

Clifford alichukua kipaza sauti, akafungua kinywa awatulize wapiga kura wake, na badala ya maneno kikatoka kikohozi, kirefu, cha chini kabisa ya mbavu, kwenye vipaza sauti vyote vinne.

Mama yake alimgeukia.

"Na hiyo," alisema, "ni ya Mjerumani gani?"

Mheshimiwa alitazama bango lake, akatazama viti mia mbili. Kisha akaweka kipaza sauti mezani taratibu, akamuuliza Joyline kama gari la polisi lina nafasi ya watu wawili mpaka hospitali.