Sumaku za Ng'ombe Kwenye Fungu la Dawa

Mama Mihuri alikuwa wakala wa forodha kwa miaka ishirini na miwili. Jina hilo alibandikwa na makarani wa ghalani, maana habanduki dirishani mpaka kila karatasi yake igongwe muhuri. Shule hakufika mbali, ila kitabu cha mafungu ya ushuru alikijua kama anavyozijua sala zake. Ndiyo sababu kosa aliloligundua asubuhi ile lilimkata maini.

Shemeji yake, daktari wa mifugo, alipita ofisini kuazima mwavuli. Akaiona mezani picha ya mzigo: vitu virefu, laini, mfano wa vidonge vikubwa.

"Ah, shemeji! Sumaku za ng'ombe hizi. Zimekuja nyingi?"

"Maboksi manne. Nimeziandika dawa za mifugo. Si ng'ombe anazimeza?"

Shemeji alicheka mpaka akaegemea mlango. "Anazimeza, lakini hazimtibu kitu! Zinakaa tumboni tu. Akila msumari au kipande cha waya kwenye majani, sumaku inakidaka kisimtoboe. Kwani wewe ukimeza kijiko, kinakuwa dawa?"

Mama Mihuri hakucheka. Alikuwa ameupanga mzigo kwa kuangalia tu kwamba unamezwa, na sumaku ina fungu lake, imezwe isimezwe. Tamko la mzigo alikwishalipeleka forodhani jana. Wakala akijirekebisha kabla boksi halijafunguliwa, huhesabiwa kuwa ameteleza kalamu. Likishafunguliwa, ni tamko la uongo, na leseni hunyang'anywa. Ukaguzi ulikuwa saa nne. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro dakika kumi.

"Shemeji, mwavuli uko nyuma ya mlango," alisema, naye akawa ameshatoka.

Ghala lilikuwa ng'ambo ya uwanja wa makontena. Alikwenda mbio za kikongwe, kiatu kimoja kikimvuka, midomo ikinong'ona, "Ee Mola, nisitiri. Leo tu. Hapana, si leo tu, lakini anza na leo." Aliwaza miaka yote ile, na kwamba kazi nyingine haijui. Unga wake ungemwagika kwa neno moja, dawa.

Alimkuta mkaguzi, kijana mrefu, ameinamia boksi la kwanza, mkono uko kwenye mkasi.

"Mwanangu! Umeshafungua?"

"Nifungue vipi? Mkasi umenaswa hapa juu, hautoki." Akaukunjia uso. "Mama Mihuri, dawa gani hii inayoshika chuma?"

Hapo angeweza kutunga la kutunga.

"Si dawa. Ni sumaku. Nimekosea, na nimekuja kujirekebisha, kama bado nina nafasi."

Mkaguzi alipitisha kidole juu ya utepe wa boksi, upande huu, upande ule, taratibu mno, na Mama Mihuri akahisi kidole kile kinapita juu ya roho yake. Kisha akatazama saa.

"Utepe mzima," alisema. "Lakini nitaandika kwenye faili lako kwamba ulikosea."

"Andika, baba. Andika yote."

Alipewa fomu ya marekebisho. Aliliandika neno sumaku kwa herufi kubwa kubwa, kama za mtoto wa darasa la kwanza. Aliisoma mara tatu, akamwomba mkaguzi naye aisome. Muhuri ulipogongwa, alijitupa juu ya mizani ya mizigo.

"Mama, hapo unapimwa."

"Nipime tu, mwanangu. Siinuki sasa hivi."