Unga wa Ua Uliopanda Fizi

Wanawake wenzangu wa mji wa Baraka, kando ya ziwa, waliwaonea wivu wanawake wenye miguu na vitenge. Mimi nilianza kuonea wivu mmea usiozidi kifungo cha shati. Nilipowaambia walicheka mpaka wakashika mbavu, na sikuwalaumu. Lakini roho iliniuma vilevile, maana wivu haupimi kitu ukubwa kabla ya kukurukia.

Mume wangu alikuwa seremala wa misheni. Padri mmoja mzungu wa pale, mzee mwenye ndevu zilizogeuka njano kwa tumbaku, alipenda kaktusi kupita kiasi. Zake hazikuwa zile kubwa zinazoota ovyo. Zilikuwa ndogo, za rangi ya jiwe, zimetoka nchi za mbali, na ungeitazama moja mwaka huu ukairudia mwaka ujao usione kilichoongezeka. Alipoitwa kurudi kwao, aligawa urithi wake kwa watu wawili. Mmea mkubwa, mama wa wote, alimwachia mjane mmoja aliyefundisha kushona kule Fizi mlimani. Mume wangu alipewa mbegu katika karatasi, nyeusi na ndogo kama viroboto.

Basi nikaona jinsi mwanamume anavyoweza kulea akitaka. Huyu ambaye hakuwahi kumwogesha hata mtoto wetu mmoja, aliosha mchanga wa ziwa mpaka maji yakatoka maangavu. Akauanika, akauchekecha kwa chekecheo langu la unga bila kuniomba, akaujaza kwenye kopo la maziwa alilolitoboa chini. Mbegu alizinyunyiza juu, hakuzifukia, akafunika kopo kwa kipande cha kioo ili unyevu usitoroke. Hakumwagilia kwa juu. Aliliweka kopo ndani ya sahani ya maji, yakapanda yenyewe. Zikaota vidoti vya kijani. Nyingi zikaoza kwa ukungu, nyingine zikabebwa na sisimizi, na siku aliyosahau kurudisha kioo, kuku wangu akafanya karamu. Siku hiyo baba batoto hakula. Ilibaki moja.

Hiyo moja aliilea miaka. Watoto waliingia shule, wakang'oka meno, wakaota mengine. Yenyewe ikawa kifungo. "Subira huvuta heri," alikuwa akiniambia. Mimi nilikuwa nasubiri mlango wa jiko alioniahidi, na heri hiyo haikuvutwa na yeyote.

Halafu ikatoa ua. Lilikuwa la waridi, kubwa kuliko mmea wenyewe, likifunguka jua linapowaka na kujifunga jioni. Alilikalia mbele kwenye kigoda kama mtu aliyepata mgeni. Lakini halikuzaa. Kaktusi za aina ile hazijizalishi. Ua la mmoja linataka unga wa ua la mwingine. Na mwingine, katika nchi nzima tuliyoijua sisi, alikuwa Fizi, kwa mjane.

Akaupangusa ule unga wa njano kwa unyoya wa kuku, akautia katika kiberiti kitupu, akapanda baiskeli. Miaka ile barabara ya mlimani ilikuwa na vizuizi vya askari, kwa sababu ya waasi waliokuwa huko juu. Askari mmoja akamsimamisha, akamwita raia kwa Kifaransa, kama ilivyoamriwa enzi zile.

"Sitwayeni, iko nini mu kiberiti? Iko zahabu?"

"Hapana, shefu. Iko unga ya maua."

Askari akanusa, akapiga chafya, akamwacha apite. Kisha akaisimulia hadithi hiyo kwa kila aliyepita, ikateremka Baraka kabla mume wangu hajateremka. Kuanzia hapo kila msimu wa maua alipanda na unga wake kuulisha mmea wa mjane, akarudi na unga wa mjane kuulisha mmea wake, ingawa kwetu halikutokea tunda, na mimi nikawa kichekesho cha ufukweni, pale tunaponunua samaki.

"Mama, bwana yako anapanda tena ku Fizi juu ya maua?" wanawake waliniuliza. "Ile maua inavaaka kitenge?"

Nilicheka nao. Nyumbani sikucheka. Kilichoniudhi hasa si kwamba alikwenda. Ni jinsi alivyorudi. Alirudi mwepesi, anapiga mluzi, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nikimuuliza mlizungumza nini, alijibu, "Habari za maua." Maneno matatu, kisha chakula, kisha usingizi. Lisemwalo lipo, nikajiambia, na kama halipo laja. Afadhali nikalione mwenyewe.

Kwetu mtu wa ziwani hapandi mlimani mikono mitupu, hata kama anakwenda kugombana. Nikajaza kikapu ndakala, wale samaki wadogo waliokauka vizuri, nikachagua walio wazima na wanaong'aa, ili huyo mama ajue hajavamiwa na mtu wa hivi hivi. Nikapanda lori la mihogo. Njia nzima nilikuwa nikipanga matusi yangu kwa zamu.

Nilitegemea kumkuta kijana aliyejipaka poda. Nilimkuta mama mrefu mwenye mvi, miwani yake imefungwa kwa waya, mkubwa kwangu na mkubwa kwa mume wangu pia. Matusi yote niliyoyapanga yakakosa pa kutua. Nikamwita yaya, kama inavyompasa dada mkubwa, nikampa kikapu.

"Karibu, dada. Weye ndiye mama wa kule Baraka," alisema. Alinipa kiti, akanishika mkono, hakuuachia. "Pole ya ule mutoto wenu wa kwanza. Baba yake anamulilia mpaka leo. Anakuyaka hapa, anakaa pale, anamulilia."

Mtoto wetu wa kwanza tulimzika kabla hajajua kutembea. Tangu siku tuliyotoka kaburini, mume wangu hakuwahi kulitaja jina lake ndani ya nyumba yetu. Nilidhani amesahau. Nilimlilia peke yangu jikoni, moshi ukinisaidia kudanganya, na yeye alikuwa akipanda mlima kwenda kumlilia kwenye kiti cha mwanamke mwingine. Ningemfumania kitandani ningejua la kufanya. Nina mikono, nina mdomo. Hili lilinishinda. Nilimwonea mama yule wivu mpaka nikasikia nyongo mdomoni.

Akanionyesha mimea yake. Ule mmea mama hakuuacha kwenye mizizi yake. Alikata vichwa vyake akavibebesha juu ya kaktusi nyingine, ile ndefu ya pembe tatu inayotambaa kwenye ukuta wa misheni. Ile ina mbio za kunywa na kukua, na anayebebwa hunenepa kwa jasho la anayembeba. Vilikuwa vinene kama ngumi, vimezungukwa na watoto ubavuni. Hapo akili ikanijia. Nikipata mmoja wa hao, ukanenepa upesi na kutoa ua katika lupango yangu, uani kwangu, huyu bwana atapanda Fizi kufanya nini?

Wakati wa kuaga alichukua kikapu changu akijaze maharagi, maana kikapu cha mgeni hakirudi kitupu.

"Hapana, yaya," nikasema. "Usiweke maharagi. Unikatie batoto ya ile."

Ndakala wangu walikwisha kuingia jikoni kwake, angekataaje? Akakata wawili, akawafunga kwenye gazeti. Akataka kuniongezea na kipande cha ile ya pembe tatu, nikamwambia sihitaji, kwetu tuna wigo mzima. Akakiweka kando.

Wigo wetu ulikuwa wa ile mimea minene yenye miiba na maziwa meupe, ambayo Baraka nzima inaiita kaktusi. Nyuma ya jiko nikakata tawi, nikalibebesha mtoto mmoja wa kaktusi. Maziwa yalichuruzika yakambeba akateleza. Nikamfunga kwa nguvu, na tone likanirukia jichoni. Nililia kama niliyepigwa. Baada ya siku chache mtoto alikuwa uji mweusi, na jicho langu limevimba kama embe.

Hapo mume wangu akajua safari yangu yote, isipokuwa nililoambiwa juu ya mtoto wetu. Nilidhani atakasirika. Alicheka, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau usoni pake.

"Mama batoto, ule haiko ndugu yake. Atamubeba namna gani?"

Akaenda mwenyewe kuleta kipande cha pembe tatu kwenye ukuta wa misheni. Tukachemsha wembe. Akanionyesha kukata pande zote mbili kwa mpigo mmoja, tambarare, na kulinganisha duara dogo la katikati la huyu na la yule, ndimo maji yanamopita. Nikamshika mtoto wa pili, akafunga kwa mipira ya tyubu ya baiskeli. Vidole vyetu viligusana mle ndani ya utomvu. Alasiri ile ilikuwa yangu, hakuna aliyeniibia.

Mvua zilipita, mtoto akanenepa. Ukafika msimu ambao ua lake na ua la kifungo vilifunguka siku moja, hatua chache kutoka jikoni kwangu. Baba batoto akauvusha unga kwa unyoya, huku na huku. Yakaja matunda, yakakauka, yakapasuka, na mbegu nyeusi zikajaa kiganjani mwake. Nilikuwa nimepika bugali na samaki mkubwa. Nikasogeza kigoda karibu naye, nikakaa, nikimwachia nafasi. Nilikuwa tayari kusikia jina la mtoto wetu. Nilikuwa tayari hata kulitaja kwanza, lakini nilitaka litoke kwake.

"Imezaa," alisema.

"Ndiyo," nikasema, nikangoja.

Akazikunja mbegu katika karatasi, akala, akalala.

Asubuhi nilimkuta amevaa abakosti yake, ile suti isiyo na tai aliyoitunza kwa ajili ya siku za Chama, na amepiga viatu rangi.

"Unaenda wapi, baba batoto?"

"Ku Fizi."

"Kufanya nini? Mama na baba ya ile mbegu bote biko hapa mu lupango."

"Najua," alisema, akitoa baiskeli. "Nakwenda kumuambia."

Alikuwa na mengi ya kumwambia, ilionekana hata mgongoni mwake alipokuwa akikanyaga kuelekea mlimani. Kwangu hakuwa na la kusimulia, kwa sababu mimi nilikuwapo.