Anayekaa Katikati

Kaka yangu wanamwita Chekeni. Jina alilopewa na wazazi wetu limebaki kwenye kitambulisho tu. Kule chuo kikuu anakofanya kazi, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkuu wa kitengo, ni Chekeni, maana ndilo neno analolisema kutwa nzima. Yeye ndiye mpiga picha wa tovuti ya chuo. Na mwenyewe, tangu wifi yangu afariki, hacheki ng'o, labda awe na binti yake.

Msiidharau kazi hiyo. Mkuu wa kitengo chao hupenda kusema kwamba wakubwa wa dunia wana majeshi, sisi tuna tovuti. Kijana wa nchi nyingine akifungua ukurasa wa mbele, akaona wenzake wanacheka kwenye nyasi, atakuja. Akisoma akarudi kwao, atatusemea vizuri mpaka aote mvi. Sasa tatizo ni kwamba wageni wenyewe ni wachache, na hawajuani. Basi kaka huwazoa, mmoja maabara, mwingine maktaba, akawaketisha mbele ya jengo la utawala na kitabu kimoja watu sita. "Haya, chekeni!" Wanacheka. Picha ikishapigwa, kila mtu anashika njia yake, hata majina hawajaulizana.

Ana kanuni yake aliyojitungia: asiye na mtu kabisa, mkalishe katikati. Wenye marafiki ukiwaweka pale wanageukia upande mmoja kupiga soga, na picha inaharibika. Mpweke huwatazama wote sawasawa, kwa sababu hana wa kumpendelea. Binti yake alikuwa akifuatana naye kazini wakati wa likizo, kumshikia lile bamba jeupe la kurudisha mwanga, naye aliikariri kanuni hiyo kwa utani.

"Baba, leo nani hana mtu?" anauliza. "Huyu hapa! Katikati!"

Baba na mwana wanavunjika mbavu.

"Nyie mna roho mbaya," nawaambia. Mimi mnanijua, domo langu halina breki.

Basi siku moja binti akafungua tovuti ya chuo cha ng'ambo. Majengo ya matofali mekundu, theluji, vijana kwenye ngazi meno yote nje. Kaka akaisogelea skrini, akaanza, "Hawa wamepang..." Halafu akayaona macho ya mtoto yanavyong'aa, akalimeza neno. Mganga hajigangi. Mwaka haukuisha, binti akapanda ndege.

Nyumba ikabaki na kaka na friji linalonguruma. Nilikuwa nampelekea chakula jioni, nakuta anakula cha jana akiwa amesimama jikoni, sahani kaishika mkononi kama mpita njia. Meza ipo, viti vipo. Kila asubuhi, kabla hajaigusa tovuti ya chuo chao, anafungua ile ya ng'ambo, anazikuza picha, anatafuta hata bega la mwanawe dirishani.

Kwenye simu binti alikuwa na jibu moja. "Niko sawa, Baba. Marafiki tele."

"Anasema ana marafiki tele," kaka ananiambia. "Ila kila nikiuliza majina, mtandao unakatika."

"Acha wasiwasi, wewe! Mtoto mkubwa yule."

Nilisema hivyo kwa sababu nami nilikuwa na wasiwasi huohuo, na nilitaka auache kwa niaba yetu sote.

Jumamosi moja mchana ukaja ujumbe: *Baba, fungua ukurasa wa mbele wa chuo chetu.* Nilikuwepo. Kaka akafungua, na loo! Mwanetu huyo, kajaa skrini nzima, skafu shingoni, kazungukwa na vijana wa kila rangi, anatabasamu. Nikapiga kigelegele mpaka jirani akachungulia.

"Na kakaa katikati! Kama bibi harusi!" Nilishaanza kuwapigia ndugu simu. Nikageuka. Kaka alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja.

"We vipi? Hufurahi?"

"Amekaa katikati," akasema.

Nikataka kumwambia hilo nimeshalisema mimi. Kisha likanifikia. Nikaikata simu ya ndugu, nikaketi.

Akampigia. Aliweka sauti ya juu ili nami nisikie.

"Baba! Umeiona?"

"Nimeiona, mwanangu. Umependeza."

"Na shangazi?"

"Yupo hapa." Nikaitikia "Nipo," basi, mimi mwenye domo lisilo na breki.

Kaka akakohoa. "Mama, nani alikukalisha pale katikati?"

Nikadhani mtandao umekatika, kama kawaida yake. Halafu tukasikia anavuta pumzi.

"Hakuna aliyenikalisha, Baba. Mpiga picha aliniweka pembeni. Mimi ndiye niliyemwomba nikae katikati." Tukamsikia akipenga kamasi. "Nilijua wewe utaelewa. Kwa mdomo nilikuwa nashindwa."

Jamani, nililia. Nililia kwa ajili ya kile kigelegele changu cha kijinga. Kaka machozi yalimtiririka hadi kwenye kola, lakini sauti yake haikubadilika. Hakumwambia rudi, wala hakumwambia vumilia.

"Umekula?" akamuuliza.

"Sina hamu."

"Weka sufuria jikoni. Usikate simu."

Hakukata. Tukasikia bomba linafunguliwa, kabati linagongwa, kijiko kinaanguka sakafuni kwenye chumba ambacho hatujawahi kukiona. Kaka akainuka, akapakua chakula nilichomletea, akavuta kiti. Simu akaiweka upande wa pili wa meza, akaiegemeza kwenye jagi la maji, mahali alipokuwa akikaa binti.

"Nimekaa, Baba," ikasema simu.

"Na mimi nimekaa," akasema kaka, akaanza kula.