Kaburi la Shemeji Danieli

Asubuhi ile tulikuwa tunabandua saruji. Kanisa lilikuwa kongwe, la Kianglikana, katika mji mdogo wa bandari ng'ambo ya mto Ruvuma. Wamisionari walisimamia, lakini waliojenga ni watu wa pale: walibeba mawe ya matumbawe kutoka ufukweni, wakachoma chokaa, wakaezeka juu ya boriti za mikoko. Unene wa ukuta ulikuwa mkono mzima, bega hadi vidole. Miaka ya karibuni mtu aliupiga lipu ya saruji, chumvi ikakosa pa kutokea, mawe yakaanza kumomonyoka. Ndipo mchungaji akatuita kutoka Lindi, mimi na Danieli, mume wa dada yangu Rehema. Kazi ya chokaa nilijifunza kwenye magofu ya Kilwa. Danieli nilimfundisha mimi.

Tulikuwa tumesikia kwamba vijiji vya mbali vimechomwa na waasi. Mjini walikuwapo askari, tukaamini wanatosha.

Danieli alikuwa juu ya jukwaa, akinisimulia mwanawe anavyoota meno, risasi zilipoanza upande wa gatini.

Watu walikimbilia kanisani. Tukakomea mlango mkubwa, tukalala chini ya madirisha. Risasi zilipiga ukuta, zikazama. Hazikupenya.

"Shemeji," Danieli aliniambia, "yule bibi anayefagia kanisa yuko nje."

"Usitoke."

Alitoka kwa mlango wa ubavuni. Nilimwona akimnyanyua bibi, akamsukuma ndani.

Yeye risasi ikampata, akaanguka kizingitini.

Nilimvuta kwa miguu. Alikuwa amekwisha kukata roho.

Paa liliposhika moto tulitokea nyuma, tukaingia mikokoni. Bibi nilimshika mkono. Tulitembea siku nne hadi mtoni.

Lindi nilimkuta dada akimenya mihogo. Aliponiona niko peke yangu aliweka kisu chini.

"Wewe ulikuwa wapi, kaka?"

"Ndani."

Swali hilo hakulirudia. Huuliza jingine, kila Pasaka: kaburi lake lina msalaba? Nami humjibu kwamba liko upande wa mashariki, chini ya dirisha, na msalaba niliuchonga mwenyewe.

Mwaka huu wanasema kule kumetulia. Dada amekwisha kuchukua hati ya kusafiria. Anataka mtoto aone alipolala baba yake. Itanibidi nimwambie kabla hawajapanda basi. Hatukumzika. Tulimwacha ndani, na paa likamwangukia likiwaka.