Breki Zimeshindwa na Salamu

Jamani, kuna watu hawafai kupewa hata kazi ya kukanyaga pedeli!

Breki za gari langu zilikuwa laini kama mkate wa mayai. Na leo mchana nampeleka Mama hospitali ya macho. Mimi, niliyefungua mpaka injini za meli za Wagiriki, nimuite fundi? Hewa iliyoingia kwenye breki naitoa mwenyewe, hapa hapa mlangoni petu, mtaani Kuze.

Nikalala chini kwenye gurudumu na spana yangu. Shemeji yangu Badi nikamketisha kwenye usukani. Kazi yake moja tu: nikifungua nati ya kutolea hewa, asiachilie pedeli mpaka niifunge. Akiachilia, hewa inarudi.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

Nikafungua. Mara nasikia, "Asalaam aleikum, Badi!"

Bwana akashuka garini! Eti kumpa mtu mkono umeketi ni utovu wa adabu.

Hewa yote ndani.

Tukaanza upya. Akapita mwalimu wa madrasa. Badi huyoo, kashuka, anabusu mkono, anauliza hali ya watoto, mmoja mmoja. Na mimi huku mafuta ya breki yananidondokea puani.

Semeni nyinyi, hiyo ni adabu au ni kutaka kutuua?

Mama akatoka na buibui lake, akamwondoa, akakanyaga mwenyewe. Kila aliyepita akisalimu, Mama alimwitikia hapo hapo kitini, na mguu haukutikisika. Pedeli ikawa ngumu kama jiwe.

Badi, bila haya, akaomba aendeshe yeye.

Mama akamwambia, "Kaa nyuma, mwanangu. Huko barabarani unajuana na watu wengi."